Chagua Safu ya Diski kwa Kuitazama Siku ya Msiba

Ndugu mafundi, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi.

Mteja anayeulizia seva huuliza mambo mawili: inabeba terabaiti ngapi, na ina kasi gani. Swali la tatu huja miaka miwili baadaye, kwa simu: "Fundi, kuna taa nyekundu inawaka, tufanyeje?" Mazungumzo ya leo yanaanzia kwenye simu hiyo. Siku ya kununuliwa kila safu ya diski inapendeza. Ipimeni kwa zile saa ambazo diski moja imekufa, zilizobaki zinabeba kazi ya marehemu juu ya kazi zao, na ofisi haijafungwa.

Waanzilishi wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley waliwasilisha makala yao ya RAID, yaani safu ya diski nyingi za bei nafuu, kwenye mkutano wa hifadhidata wa SIGMOD, Chicago. Kampuni kubwa za wakati huo ziliweka data kwenye diski kubwa za bei mbaya, kama IBM 3380 ya gigabaiti 7.5. Wao wakasema chukueni diski ndogo za kompyuta za mezani, za megabaiti 100 kila moja, mzipange nyingi zifanye kazi kwa pamoja. Kasi ilipatikana kwenye hesabu, na tatizo likaonekana humohumo: ikiwa diski moja huishi wastani wa saa 30,000, diski 100 zinazotegemeana zitampoteza mwenzao wa kwanza kwa wastani wa saa 300. Hizo hazifiki wiki mbili. Ngazi zote za RAID tunazozitaja, kuanzia ya 1, ni majibu tofauti kwa hiyo namba 300.

Chungu chetu kina mafiga matatu: kasi, nafasi na uvumilivu wa hitilafu. Kwa bajeti ileile, ukiinua figa moja, chungu kinaegemea upande mwingine. Anayekuambia ana mpangilio unaoinua yote matatu kwa bei ileile, mwombe akuonyeshe hesabu.

Tuanze na kukata data vipande. Faili inapoandikwa, safu huikata: kipande cha kwanza diski ya kwanza, cha pili ya pili, mpaka ya mwisho, kisha inarudi mwanzo. Vipande vilivyo sambamba tunaviita mstari mmoja. Kwenye Linux, mdadm, programu inayosimamia safu, hukata vipande vya kilobaiti 512 usipoiambia vingine. Ukiishia hapo una RAID 0: nafasi yote ni yako, kasi ni ya diski zote, na ikifa moja umepoteza kila kitu, kwa sababu hakuna faili kubwa iliyokaa diski moja. Inafaa kwa data unayoweza kuitengeneza tena, kama faili za muda za kuhariri video. Zaidi ya hapo msiiguse.

RAID 1 ni pacha: kila kinachoandikwa kinaandikwa mara mbili. RAID 10 ni mapacha kadhaa waliopangwa kwa mistari. Nafasi inakatika nusu, na hakuna hesabu yoyote inayofanyika, ni kunakili tu.

RAID 5 inaleta pariti, na hapa nitakaa kidogo maana wengi wanaitumia bila kuijua. Chukua diski tatu za data zenye biti hizi: 1011, 0110, 1100. Kwa kila safuwima hesabu tarakimu 1 zilizopo. Zikiwa shufwa andika 0, zikiwa witiri andika 1. Unapata 0001, hiyo ndiyo pariti, nayo inaandikwa diski ya nne. Sasa diski ya pili ife. Fanya hesabu ileile kwa waliobaki, 1011, 1100 na 0001, utapata 0110. Marehemu amerudi. Angalieni lakini: ili kumrudisha mmoja umelazimika kuwasoma wote. Hapo ndipo gharama ilipojificha.

RAID 6 inaongeza pariti ya pili, yenye hesabu tofauti na ya kwanza, ya ukoo wa ile ya Irving Reed na Gustave Solomon ya mwaka 1960 ambayo ndiyo pia iliyokuwa ikiokoa CD zilizokwaruzwa. Kwa hiyo zinaweza kufa mbili zozote. RAID 2 na 3 hamtazikuta kazini. RAID 4, yenye pariti yote kwenye diski moja, ina tatizo la kuifanya hiyo diski moja ichoke kwa kila uandishi. RAID 5 iliisambaza pariti kwa zamu kwenye diski zote kwa sababu hiyo.

Tuchukue diski nane za terabaiti 4, za mizunguko 7,200 kwa dakika. RAID 0 inakupa terabaiti 32, RAID 5 inakupa 28, RAID 6 inakupa 24, RAID 10 inakupa 16. (Na mteja akilalamika kwamba diski ya 4 inasoma 3.64, hajaibiwa: kiwandani wanahesabu kwa elfu, mfumo unahesabu kwa 1,024. Mwambieni kabla hajalipa.) Ukiishia kwenye namba hizo, RAID 5 inashinda kwa mbali, na ndivyo wauzaji wengi wanavyoiuza.

Njooni kwenye kasi. Diski ya mizunguko 7,200 inamaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani inasubiri kama 4.2 mpaka sekta ipite chini ya kichwa. Ongeza milisekunde 8 hivi za kichwa kusogea, utakuta diski inatimiza maombi madogo ya hapa na pale kama 80 kwa sekunde. Nane zinatoa 640, kwa kusoma. Kuandika ni habari nyingine. RAID 10 inaandika mara mbili. RAID 5, kubadilisha kipande kidogo tu, inasoma data ya zamani, inasoma pariti ya zamani, inaandika data mpya, inaandika pariti mpya: kazi nne kwa ombi moja. RAID 6 ni sita.

Chukua hifadhidata ya kawaida, maombi 70 kati ya 100 ni ya kusoma na 30 ya kuandika. RAID 10 itatoa kama 492 kwa sekunde, RAID 5 kama 337, RAID 6 kama 256. Yakiwa ya kuandika matupu, ni 320, 160 na 106. Diski ni zilezile, bei ni ileile. Anayelalamika kwamba mfumo wa mauzo unakwama kila ikifika saa kumi jioni wakati wa kufunga hesabu, muulizeni kwanza safu yake ni ya ngazi gani kabla hamjamuuzia RAM.

Adhabu hiyo inatoweka ukiandika mstari mzima kwa mkupuo, maana pariti inatengenezwa kutoka kwenye data mpya bila kusoma ya zamani. Ndiyo maana RAID 6 inafanya vizuri kwa video na kwa bekapu, zinazoandikwa kwa mfululizo. Ila mfumo wa mafaili lazima ujue umbo la safu. XFS hulisoma umbo hilo yenyewe kutoka mdadm. Ext4 ukihitaji kulitaja kwa mkono, kwa kipande cha kilobaiti 512 na bloku za kilobaiti 4, stride, yaani bloku za kipande kimoja, ni 128. RAID 6 ya diski nane ina sita za data, kwa hiyo stripe-width, yaani bloku za data za mstari mzima, ni 768. Kukosea hapa hakupotezi data, kunapoteza kasi kimyakimya.

Sasa diski ya tatu imekufa. Kwenye RAID 5 ya diski nane, kila ombi linaloangukia data ya marehemu linahitaji kusoma diski zote saba. Maombi saba kati ya manane yanagharimu usomaji mmoja, la nane linagharimu saba. Wastani ni 1.75. Diski saba zina uwezo wa 560, gawanya kwa 1.75, unabaki na 320. Kasi ya kusoma imeshuka nusu kamili, na hata kujenga upya hatujaanza. Kwenye RAID 10 anayeumia ni pacha wa marehemu peke yake, pamoja na ile robo ya data anayoibeba. Jozi tatu zilizobaki hazina habari kwamba nyumbani kuna msiba.

Kujenga upya kuna muda wake wa chini usioepukika: ukubwa wa diski gawanya kwa kasi ya kuandika. Terabaiti 4 kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni saa 7 na dakika 24. Terabaiti 16 kwa megabaiti 200 ni saa 22 na kitu. Hapo ni safu isiyo na mtumiaji hata mmoja. Watu wakiwa kazini, vichwa vya diski vinarukaruka kati ya kazi yao na ya ujenzi, na muda unaweza kuongezeka mara kadhaa. Linux inakupa usukani: /proc/sys/dev/raid/speed_limit_min na speed_limit_max, kwa kilobaiti kwa sekunde. Kima cha chini cha kawaida ni 1000, yaani megabaiti 1, hivyo kwenye seva yenye shughuli nyingi ujenzi unaweza kusuasua siku nyingi. Ukikipandisha hadi 50000 ujenzi utakwenda na watumiaji watanung'unika. Chaguo hilo lifanyike kwa kujua, maana kila saa ya ziada ni saa unayotembea bila akiba.

Ni hatari kiasi gani? RAID 5 ikipoteza yoyote kati ya saba zilizobaki, kwisha. RAID 10, katika hao saba ni mmoja tu mwenye kuua, yule pacha. RAID 6 bado ina uhai mmoja. Na kifo cha diski nzima si ndicho cha kuogopwa zaidi; kuna sekta isiyosomeka. Karatasi za viwanda za diski za mezani husema kosa lisilozidi moja kwa kila biti 10 kwa kipeo cha 14, yaani kwa kila terabaiti 12.5 zinazosomwa. RAID 5 yetu inasoma terabaiti 28 ili kumjenga marehemu. Wapo wanaochukua hesabu hiyo na kutangaza kwamba ujenzi lazima ushindwe. Wanazidisha: namba ile ni kikomo cha dhamana, na diski nyingi hufanya vizuri zaidi. Ila sekta moja mbovu ikijitokeza wakati hakuna pariti ya kuiziba, baadhi ya kontrola (kadi zinazoendesha safu) husitisha ujenzi mzima, na wewe uko hapo saa nane usiku. RAID 6 inaiziba kwa pariti ya pili na kuendelea. RAID 10 inasoma terabaiti 4 tu.

Dawa ya sekta mbovu ni kuzitafuta kabla ya msiba. Amri ni echo check > /sys/block/md0/md/sync_action, inasoma kila kitu na kinachoshindikana kusomeka kinaandikwa upya kutoka kwa wenzake. Debian na Ubuntu huja na ratiba ya kufanya hivyo kila mwezi. Wapo wanaoizima kwa sababu seva inakuwa nzito Jumapili. Isogezeni saa, msiizime. Na kwenye smartctl -A, programu inayosoma afya ya diski, tazameni namba 5, 197 na 198: sekta zilizohamishwa, zinazosubiri, na zilizoshindikana. Namba 197 ikianza kupanda wiki hadi wiki, badilisheni hiyo diski ikiwa bado hai; mdadm ina --replace, inayonakili kutoka kwa mgonjwa mwenyewe bila kuiacha safu uchi.

Mahesabu yote haya yanadhania diski zinakufa kila moja kwa wakati wake. Hazifanyi hivyo. Zimetoka boksi moja, kiwanda kimoja, wiki moja, zimekaa kwenye joto moja, zimewashwa siku moja. Mfano wa wazi kuliko yote ni wa Novemba 2019, kampuni ya HPE ilipotangaza kwamba baadhi ya SSD zake (diski zisizo na sahani inayozunguka) za aina ya SAS zilikuwa na kosa kwenye programu ya ndani: zikitimiza saa 32,768 za kuwashwa, zinakufa na data hairudi. Hiyo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Anayejua namba za kompyuta ataitambua mara moja, ni 2 kwa kipeo cha 15. Fikirieni safu ya SSD nane zilizowashwa kwa pamoja: hakuna ngazi ya RAID inayovumilia vifo vinane ndani ya dakika chache. Dawa ilikuwa kusasisha programu hiyo kabla ya saa kutimia. SSD mbili za RAID 1 nazo zinaandikiwa sawasawa, kwa hiyo zinachakaa sawasawa. Nunueni kutoka mafungu mawili tofauti, hata kwa kuchanganya maduka, na baada ya mwaka mmoja badilisheni pacha mmoja kwa makusudi. Aliyetolewa akawe wa akiba. Akiba haiozi, ingawa diski ya akiba iliyo ndani ya mashine inazunguka na kuchakaa kama wenzake.

Kuna kosa la ununuzi linalofanana na kifo cha diski, na wengi hapa mmeshalibadilishia diski nzima kabisa. Diski ya mezani ikikutana na sekta ngumu huing'ang'ania, wakati mwingine kwa dakika mbili au zaidi, kwa kuwa inajua haina mwenzake. Linux inasubiri sekunde 30, kisha inajaribu kuiweka sawa diski isiyojibu, na mwisho wa yote safu inaitoa nje. Mgonjwa alikuwa na sekta moja tu. Diski za kazi hii hukata tamaa baada ya sekunde 7, zinasema "hii imenishinda", na safu inajazia kutoka kwa wengine. Angalieni kwa smartctl -l scterc /dev/sda. Ikikubali, iwekeni: smartctl -l scterc,70,70 /dev/sda, hizo 70 ni sehemu za kumi za sekunde. Nyingi husahau umeme ukikatika, kwa hiyo amri iwe kwenye maandiko ya kuwashia. Diski isiyoijua kabisa amri hiyo, basi muongezeeni mfumo subira: echo 180 > /sys/block/sda/device/timeout. Ukiifanya kinyume, subira fupi na diski king'ang'anizi, unapanda mbegu ya msiba.

Kosa la pili la ununuzi ni diski za SMR. Njia za data kwenye sahani za diski hizi zimelaliana kama makuti ya paa. Ukitaka kubadilisha kuti la chini huna budi kuyainua ya juu yake. Kwa matumizi mepesi huoni kitu, maana diski inaandika kwanza kwenye sehemu ya muda halafu inapanga ikipumzika. Wakati wa kujenga upya haipumziki. Sehemu ya muda inajaa, kasi inaporomoka, saa 8 zinageuka siku kadhaa, au diski inachelewa kujibu mpaka inatolewa nje. Aprili 2020 Western Digital ilithibitisha kwamba baadhi ya WD Red za terabaiti 2 hadi 6, zilizouzwa kwa ajili ya safu, zilikuwa za aina hiyo. Someni namba ya modeli, msisome rangi ya lebo.

Umeme sasa, na hapa kwetu hili halihitaji utangulizi. RAID 5 na 6 zinaandika data na pariti kwenye diski tofauti, na haiwezekani zote ziguse sahani kwa wakati mmoja. Umeme ukikatika katikati, data ni mpya na pariti ni ya zamani. Hakuna taa inayowaka. Miezi sita baadaye inakufa diski nyingine ya mstari uleule, safu inahesabu kwa pariti ya uongo, na inakurudishia takataka kwenye faili ambayo wala haikuwa ikiandikwa siku ile. Tundu hili lina viziba kadhaa: kontrola yenye kashe (kumbukumbu ya muda) na betri, jarida la mdadm kwenye SSD kwa --write-journal, au mfumo wa mafaili wa ZFS, ambao hauandiki juu ya data ya zamani. Ramani ya bitmap ya mdadm haizibi tundu; inafupisha tu ukaguzi baada ya umeme kurudi.

Kuhusu betri ya kontrola: ikizeeka, kontrola nyingi zinaacha kuiamini kashe na kuandika moja kwa moja kwenye diski. Data iko salama, ila kasi ya kuandika inaanguka ghafla bila diski yoyote kuwa mbovu. Kabla hujalaumu mtandao, tazama hali ya betri. Na asije mtu akailazimisha kontrola iendelee kutumia kashe bila betri ili kasi irudi. Hilo chaguo lipo kwenye menyu, na linavutia. UPS inasaidia, kwa sharti kwamba imeunganishwa kwa waya wa USB na seva inajizima yenyewe betri ikifika kiwango ulichoweka. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha tatizo kwa dakika 15.

Basi nani achukue nini? Duka lenye diski mbili, RAID 1, hakuna mjadala. Diski nne ndipo watu wanapokosea zaidi. Kwa diski nne za terabaiti 4, RAID 6 na RAID 10 zote zinakupa 8. RAID 6 inavumilia vifo viwili vyovyote. RAID 10 inavumilia vifo viwili katika jozi nne tu kati ya sita zinazowezekana, lakini kila uandishi mdogo ni kazi mbili badala ya sita, na ujenzi wake ni kunakili tu. Kwa vitabu vya SACCOS, kwa mashine pepe, kwa chochote chenye maombi madogo mengi, mimi nachukua RAID 10, tena ya SSD. Kwa kumbukumbu za picha na nyaraka zisizobadilika, RAID 6.

Kamera za ulinzi: kamera 16 za megabiti 4 kwa sekunde ni megabiti 64, yaani megabaiti 8 kwa sekunde. Kwa siku 30 ni terabaiti 20.7. Kasi hiyo hata diski moja inaimudu, kwa hiyo usilipie kasi. Diski sita za terabaiti 6 kwa RAID 6 zinakupa 24, uandishi ni wa mfululizo, adhabu ya kuandika karibu haionekani. RAID 5 naiacha kwa diski ndogo, tatu hadi tano, zisizozidi terabaiti 2, au SSD zinazojengwa upya ndani ya saa moja au mbili. Wengine watanibishia, sawa, ila walete saa zao za ujenzi.

Bekapu nitaisema kwa sentensi chache. Safu inatii amri: ukifuta faili, inafutwa kwenye pacha wote kwa uaminifu mkubwa, kirusi kikifunga mafaili, pariti ya mafaili yaliyofungwa inahesabiwa kwa usahihi kabisa. Nakala iwe kwenye kifaa kingine, na moja iwe nje ya jengo.

Siku yenyewe ikifika, data nyingi hupotezwa na mkono wa fundi. Tray ya tatu kutoka kushoto si lazima iwe ile Linux inayoiita sdc, na majina hayo hubadilika baada ya kuwasha upya. Diski itambuliwe kwa namba yake ya kiwandani (serial number), smartctl -i itakupa, nayo iwe imebandikwa mbele ya tray tangu siku ya kufunga. Ukichomoa nzima kwenye RAID 5 iliyojeruhiwa, safu inasimama. Ikisimama, usiandike mdadm --create. Amri hiyo inaandika vichwa vipya, na ukikosea mpangilio wa diski au mahali data inapoanzia, ujenzi unaofuata unaandika pariti juu ya mali yako. Kwanza nakili kila diski kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, kwenda diski nyingine, hata kama bosi amesimama mgongoni. Kisha, kwenye nakala hizo, jaribu --assemble --force.

Na kabla safu mpya haijapewa data yoyote ya mtu, ifanyieni mazoezi. Iwekeni mzigo wa fio, programu ya kupima diski, unaofanana na kazi halisi. mdadm /dev/md0 --fail /dev/sdc1, halafu --remove. Subirini muone kama barua pepe ya tahadhari, ile ya anwani ya MAILADDR kwenye mdadm, imefika kweli kwenye simu ya mhusika. Mara nyingi haifiki, na ni nafuu kulijua hilo leo. Kisha mdadm --zero-superblock /dev/sdc1, msiiruke hatua hii: bila hiyo, bitmap itaikumbuka diski na kuirudisha kwa sekunde chache, mtadanganyika kwamba ujenzi ni wa haraka. Ndipo --add. Fungueni /proc/mdstat, andikeni saa ya kuanza na saa ya kumaliza, mzigo ukiendelea. Idadi hiyo ya saa iandikwe kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, ibandikwe ndani ya mlango wa raki, karibu na namba za diski.